Ngazi za Maduka ya Moshi: Historia ya Sheria ya Ufikikaji na Usimamizi Wake

Ufikikaji, kwa maana inayotumika katika sheria na sera za Tanzania, ni hali ya jengo, barabara, chombo cha usafiri au huduma kuweza kutumiwa na kila mtu, awe anatembea kwa miguu, kwa magongo, kwa kiti mwendo au kwa kuongozwa na fimbo nyeupe. Neno hilo ni jipya katika nyaraka za Serikali, lakini tatizo linaloelezwa nalo lina umri wa mji wenyewe wa Moshi. Historia inayofuata inaonyesha kwamba watu wenye ulemavu wa Moshi na wa vijiji vya mlimani hawakuzuiwa na ukosefu wa sheria peke yake, kwa sababu sheria ilipatikana, tena nzuri. Walizuiwa zaidi na jambo ambalo watunga sheria hawakulipa uzito, yaani kumteua mtumishi wa umma mwenye wajibu wa kufika mlangoni pa duka, kupima na kudai marekebisho.

Mji wa reli na baraza zake, 1911–1961

Kabla ya reli, kitovu cha utawala wa Wajerumani katika eneo hili kilikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa leo Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, biashara na ofisi zilishuka kwenye ardhi ya chini karibu na stesheni, na hapo ukakua mji mpya wa maduka yaliyopangwa kwa mistari, mengi yakiwa mali ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Duka la wakati huo lilijengwa juu ya msingi ulioinuliwa, likiwa na baraza ndefu yenye nguzo mbele yake na ngazi mbili au tatu za kupandia kutoka barabarani. Kuinua msingi kulikuwa na sababu ya wazi: maji ya masika huteremka kwa kasi kutoka mlimani, na mwenye duka la nguo au la nafaka aliyejenga sawa na barabara angeamka na kukuta mzigo wake umelowa. Mtaro mpana wa maji ya mvua kati ya barabara na baraza ulikamilisha mpangilio huo, ambao bado unaonekana katika mitaa ya zamani ya katikati ya mji.

Kanuni za Majengo ya Miji za mwaka 1930, zilizotungwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, zilijali afya, hewa na usalama wa majengo, wala hazikumfikiria mteja asiyeweza kupanda ngazi. Jambo hilo halishangazi kwa enzi ile, kwa kuwa hata Ulaya kanuni za namna hiyo zilikuja miongo kadhaa baadaye. Athari yake hata hivyo ilikuwa ya kudumu, kwani mji ulijengwa kwa mawe na saruji kabla swali halijaulizwa.

Kwa upande wa mlimani, mtu mwenye ulemavu aliishi katika kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa ambalo nyumba imo ndani yake, akitunzwa na ndugu. Vijia vya Kibosho, Uru, Marangu na Machame, vyenye mwinuko mkali, vilivyokatizwa na mifereji ya umwagiliaji na kujaa utelezi wakati wa mvua, vilimfanya asiyeweza kutembea vizuri ashuke mjini kwa nadra sana. Fedha za kahawa, zilizoongezeka baada ya kuundwa kwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwanzoni mwa miaka ya 1930, zilileta shule, zahanati na barabara, na kwa njia hiyo zikawaleta watu wengi zaidi mjini. Mwenye ulemavu alinunuliwa vitu na wenzake, na kutokuwepo kwake dukani kukachukuliwa kuwa jambo la kawaida.

Serikali yawa mwenye nyumba, 1961–1981

Muongo wa kwanza wa Uhuru ulileta tukio ambalo wanahistoria wa ulemavu hawajalitazama vya kutosha. Mwezi Aprili 1971, Bunge lilipitisha Sheria ya Utwaaji Majengo, iliyoipa Serikali majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya raia wenye asili ya Asia. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa baadaye na za Shirika la Nyumba la Taifa. Kuanzia hapo, Serikali iliyokuwa inahubiri usawa wa binadamu ikawa yenyewe mwenye nyumba wa maduka mengi katikati ya miji, Moshi ukiwamo. Ilikuwa na uwezo wa kubadilisha mamia ya milango kwa waraka mmoja, bila kumshitaki mtu yeyote. Nafasi hiyo ilipita, kwa kuwa kipaumbele kilikuwa kupanga kodi na kugawa vyumba, na kwa kuwa ulemavu ulihesabiwa kuwa suala la matibabu na hisani.

Mwaka uliofuata, 1972, Serikali ilivunja mamlaka za mitaa katika mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zilizokuwa na wakaguzi wa majengo na maofisa afya wa kukagua maduka zilififia hadi ziliporejeshwa kuanzia 1978, na kwa ukamilifu zaidi kwa sheria za 1982. Kwa hiyo, katika miaka ambayo dhana ya haki za watu wenye ulemavu ilikuwa inakua duniani, Moshi ulikuwa unapoteza hata desturi ya mkaguzi kupita mitaani.

Lakini hisani ya miaka hiyo haikuwa ndogo, na itakuwa dhuluma kuipita haraka. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 ikiwa juhudi ya makanisa na Serikali, na ikawa kimbilio la watu wa kanda nzima ya kaskazini. Polio ilikuwa bado inalemaza watoto wengi, kwani mpango wa taifa wa chanjo ulianza tu mwaka 1975, na mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alithibitishwa mwaka 1996. Watoto waliopona wakiwa na miguu iliyodhoofu ndio waliokuja kuwa watu wazima wa miaka ya 1980, kizazi kilichosoma, kilichoajiriwa na kilichoanza kudai.

Mwaka wa kimataifa na sheria mbili, 1981–2000

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu. Mwaka huohuo, kwa msaada wa Ujerumani, kilianzishwa katika eneo la KCMC chuo cha TATCOT cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, na baadaye mafundi wa viti mwendo. Chuo hicho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na kuufanya Moshi kuwa mahali ambapo fundi hujifunza kwamba kiti mwendo cha hospitali, chenye magurudumu madogo ya mbele, hukwama kwenye kokoto na matope, na kwamba njia ya kijijini inahitaji kiti chenye msingi mrefu kisichopinduka kwa urahisi. Mji ukawa na utaalamu wa kumpa mtu chombo cha kwendea. Kule anakokwenda kulibaki vilevile.

Sheria zilizotokana na mwamko huo zilikuwa mbili, zote za mwaka 1982. Ya kwanza, Sheria Na. 2, ilihusu ajira na kuwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Ya pili, Sheria Na. 3, ilihusu matunzo na kugawa wajibu wa kumlea mtu mwenye ulemavu kati ya familia, mamlaka za mitaa, Serikali Kuu na mashirika. Hakuna hata moja iliyomgeukia mwenye duka. Mtu mwenye ulemavu alionekana kuwa mfanyakazi au mtu wa kutunzwa, si mteja mwenye fedha mfukoni wala raia aliyekuja kulipa ankara yake.

Mawazo hayo yalibadilishwa na vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe. Chama cha Wasioona, Chama cha Viziwi na Chama cha Walemavu, kila kimoja kikiwa na historia na viongozi wake, viliungana na vingine mwaka 1992 chini ya Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania, maarufu kama SHIVYAWATA. Shirikisho hilo liliacha kuzungumza kwa lugha ya kuomba na kuanza kuzungumza kwa lugha ya haki. Lilisaidiwa na Katiba, kwa kuwa sura ya haki za binadamu iliyoingizwa mwaka 1984 ilikuwa imeanza kutumika mahakamani mwaka 1988.

Wakati vyama vinajipanga, mitaa nayo ilikuwa inabadilika kwa kasi. Biashara huria iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 ilizaa fremu, yaani vyumba vya biashara vinavyojengwa mbele ya nyumba au kwa safu kando ya barabara na kupangishwa kimoja kimoja. Pasua, Majengo, Kiborloni na barabara ya kuelekea Himo zilijaa fremu, ambazo nyingi zilirithi umbo la duka la kale: msingi juu, ngazi mbele, na ndani kaunta ndefu yenye wavu wa nondo ambao mteja huhudumiwa akiwa amesimama. Kwa mtu aliyeketi kwenye kiti mwendo, kaunta hiyo humfika kidevuni au juu zaidi, na muuzaji humsikia kabla ya kumwona.

Kutoka sera hadi sheria, 2004–2010

Miaka sita mwanzoni mwa karne hii ilitosha kubadilisha msamiati wote wa kisheria. Sera ya Taifa ya Huduma na Maendeleo ya Watu wenye Ulemavu ilitolewa mwaka 2004. Zanzibar ilitangulia Bara kwa kutunga sheria yake mwaka 2006, mwaka ambao pia Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Tanzania ilitia saini mkataba huo mwaka 2007 na kuuridhia Novemba 2009. Bunge lilipotunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, sheria mbili za 1982 zilikoma, na kwa mara ya kwanza haki ya kuishi katika mazingira yasiyo na vikwazo, ikiwa ni pamoja na kuingia katika majengo ya umma na maeneo yanayohudumia umma, ikaandikwa kwa maneno ya wazi. Kiwango cha ajira kilipandishwa hadi asilimia 3 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Sheria iliunda Baraza la Taifa la Ushauri na kamati za kushuka hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na kanuni za kuitekeleza zilitolewa mwaka 2012.

Ni vema kuiweka sheria hiyo kando ya nyingine za wakati wake. Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1990, ilimpa kila raia aliyezuiwa na ngazi za duka uwezo wa kumshitaki mwenye duka moja kwa moja, hivyo usimamizi ukafanywa na maelfu ya wateja na mawakili wao. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2003, ililipa baraza lake la taifa mamlaka ya kutoa amri ya marekebisho, yaani agizo rasmi kwa mwenye jengo kuondoa kikwazo kilichotajwa katika muda uliotajwa. Njia hizo zote mbili zina kasoro, lakini kila moja inamtaja mtu wa kuchukua hatua. Sheria ya Tanzania ilitangaza haki na makosa, ikaliita baraza lake la ushauri kwa jina linalolifaa, kisha ikaacha kazi ya kila siku mikononi mwa ofisi ambazo zilikuwa na majukumu mengine tayari.

Sheria yafika mlangoni, 2010–2018

Katika halmashauri yoyote ya mji, mambo ya watu wenye ulemavu yako kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye hushughulika pia na watoto walioachwa, migogoro ya ndoa na wazee wasiojiweza. Kibali cha ujenzi kiko kwa mhandisi na maofisa mipango miji. Leseni ya biashara iko kwa Afisa Biashara, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Usafi na vyoo viko kwa Afisa Afya, na njia za kutokea wakati wa moto ziko kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyeijua sheria ya 2010 hakuwa na mamlaka juu ya majengo, na wenye mamlaka juu ya majengo hawakupewa sheria hiyo kama sehemu ya kazi yao. Hapa ndipo kiini cha kushindwa kwa usimamizi kilipo, na maelezo yanayowalaumu wafanyabiashara kwa ukosefu wa utu hayakifikii.

Hata ufundi wenyewe una ugumu wake. Kipimo kinachokubalika katika nchi nyingi ni kwamba rampu, yaani njia ya mteremko inayochukua nafasi ya ngazi, iwe na urefu usiopungua mara 12 ya kimo inachopanda. Duka lenye ngazi mbili za sentimita 15 kila moja limeinuka sentimita 30, kwa hiyo rampu yake inahitaji mita 3.6. Baraza nyingi za katikati ya Moshi hazina upana huo kabla ya kukutana na mtaro au barabara. Mwenye duka mwenye nia njema humwaga zege fupi la urefu wa mita moja, lenye mteremko mkali kiasi kwamba aliyeketi kwenye kiti mwendo hawezi kulipanda peke yake, na akilishuka yuko hatarini kuangukia mtaroni. Suluhisho lipo, nalo ni kuipitisha rampu sambamba na baraza ili maduka manne au matano yatumie njia moja ya kupandia. Lakini hilo linadai makubaliano ya majirani pamoja na mamlaka ya barabara, na mpangaji wa fremu moja hawezi kulifanya akiwa peke yake. Ngazi ni mali ya mwenye nyumba, mteja ni wa mpangaji, na mtaro ni wa umma.

Ndiyo maana mabadiliko yaliyoonekana kwanza yalitokea mahali palipokuwa na mtoa fedha mwenye masharti. Moshi ulikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingizwa katika mpango wa kuimarisha miji uliogharimiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2013, na barabara zilizojengwa chini ya mpango huo zilipata njia za waenda kwa miguu na mitaro iliyofunikwa. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yalijengewa vituo vyenye sakafu iliyo sawa na ya basi. Utalii nao ulikuwa na msukumo wake. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umepandwa na vijana saba wasioona kutoka Afrika Mashariki mwaka 1969, kisha na Bernard Goosen wa Afrika Kusini, aliyetumia kiti mwendo, mwaka 2003 na tena 2007. Safari za namna hiyo ziliwafundisha waongozaji na wapagazi wa Moshi na Marangu kumhudumia mteja mwenye ulemavu kwa ustadi ambao duka la dawa la mtaani halikuwa na mahali pa kujifunzia.

Mji unaojua kutoza faini

Jambo linaloutofautisha Moshi na miji mingi ni kwamba usimamizi wa kanuni mitaani unafahamika huko kwa undani. Manispaa hii, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1988, imeongoza mara kadhaa katika mashindano ya kitaifa ya usafi wa miji, na sifa hiyo haikutokana na mabango. Ilitokana na sheria ndogo zilizopitishwa na madiwani, maofisa afya na wasimamizi wa kata waliopita mitaani, na faini iliyotozwa papo hapo kwa aliyetupa taka, hata kama ni ganda la ndizi lililorushwa kutoka dirishani mwa basi. Mgeni huonywa na mwenyeji kabla hajaonywa na ofisa. Kanuni ilipopata mtu wa kuisimamia kila siku ikageuka kuwa desturi, na desturi ikapunguza kazi ya msimamizi.

Oktoba 2021 kulitokea mfano mwingine, nchi nzima, pale wafanyabiashara wadogo waitwao wamachinga walipoagizwa kuondoka kwenye baraza, mitaro na njia za waenda kwa miguu na kuhamia maeneo yaliyopangwa. Zoezi hilo liliwaumiza wengi waliopoteza wateja, na miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara wenye ulemavu, jambo ambalo haifai kulificha. Lakini liliacha wazi njia ambazo kwa miaka mingi mtu mwenye fimbo nyeupe hakuweza kuzipita bila kugonga meza za viatu. Likaonyesha pia kwamba mamlaka za miji, zikiagizwa kwa uzito, zina uwezo wa kubadilisha sura ya mtaa katika wiki chache.

Asilimia mbili na mahakama, baada ya 2015

Mwishoni mwa mwaka 2015 masuala ya watu wenye ulemavu yalihamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu na kupewa naibu waziri. Wa kwanza alikuwa Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, akafuatiwa na Stella Ikupa mwaka 2017 na Ummy Nderiananga mwaka 2020. Viongozi walizikumbusha halmashauri mara kwa mara kuunda kamati zilizotajwa katika sheria ya 2010, na kukumbusha huko kwenyewe ni ushahidi wa jinsi utekelezaji ulivyochelewa.

Mabadiliko ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 2018 yalikwenda mbali zaidi, kwa sababu yaliwekewa ukaguzi. Kila halmashauri ililazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akawa anaripoti kila mwaka halmashauri iliyopungukiwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Pamoja na kasoro zake, ilizaa vikundi vya mafundi cherehani, wauza nafaka na watengeneza viatu wenye ulemavu, ambao sasa wanatafuta fremu za kupanga na kukutana na ngazi zilezile wakiwa upande wa muuzaji.

Njia ya mahakama nayo ilibanwa. Marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya 1994 ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika, hivyo chama hakikuweza tena kwenda kwa urahisi kwa niaba ya wanachama wake. Mtu mmoja wa Rau au Shirimatunda aliyeshindwa kuingia benki alilazimika kubeba shauri mwenyewe, nauli na muda vikiwa vyake. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila gharama kubwa, ila humaliza kwa mapendekezo.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Sura ya ulemavu Kilimanjaro imebadilika tangu enzi ya polio: KCMC hupokea waliovunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka mitini au kwa ajali za barabarani, waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na wazee, ambao mkoa huu unao kwa uwiano mkubwa kuliko mikoa mingi. Hao wote wanaingia mjini kwa bajaji kununua dawa, kuchukua pensheni na kulipa ada. Wakati huohuo mwenye fremu anaomba leseni yake akiwa na namba ya mlipakodi na mkataba wa pango. Afisa Afya anakuja kuangalia choo chake, Zimamoto wanakuja kuangalia mtungi wa kuzimia moto, na kwa majengo mapya mhandisi anasaini mchoro kabla ya msingi kuchimbwa. Wakaguzi hao wote hupanda ngazi za mlangoni, na fomu wanazozibeba hazina safu ya kuandika kimo chake.